Bibu Yenye Masikio

Mutomo
Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwa Mwaitu, mama yake Kanyiva,

Kwa heshima nakuita Mwaitu, mama; pokea salamu zangu kutoka huku Mutomo. Kalamu hii nimeishika mara tatu nikaiweka chini, kwa sababu najua mkwe hamwandikii mama mkwe. Kukupigia simu ndiyo siwezi kabisa. Tangu siku ile ya kuleta mbuzi wa mahari kwenu hujasikia sauti yangu, na mimi uso wako sijautazama, kama nthoni yetu inavyotaka: mkwe na mama mkwe wakipishana njiani, mmoja aingie kichakani. Nikaona barua ni nusu njia. Utanisoma lakini hatutaonana.

Mjukuu wako Kitonga ametimiza wiki tano. Ni mzima. Kanyiva pia ni mzima, ila simu yake ilianguka ndani ya ndoo ya maji, ndiyo maana humpati. Usijisumbue kuja sasa hivi. Jua ni kali na nyumba yetu unaijua ilivyo, chumba kimoja na pazia.

Shida ni ndogo tu. Mtoto, nisamehe kutaja, akipata chakula chake anakirudisha, na nguo zinalowa kifuani. Naomba utushonee bibu sita, vile vitambaa vya kumfunga mtoto shingoni. Atakayeleta barua hii ni Gabow, jirani yetu, anayenunua mbuzi huku na kuwapeleka kwa wachinjaji wa upande wenu. Lori lake hupita Mukuyuni.

Nilijaribu kushona moja mwenyewe. Unajua kazi yangu ni stoo ya ndengu, nashona midomo ya magunia kutwa nzima, nikafikiri kitambaa kidogo hakitanishinda. Nimeiweka humu upate kipimo cha shingo. Usiwaonyeshe watu.

Ni mimi mkwe wako,
Musyimi


Mukuyuni
Jumamosi, 9 Machi 2024

Baba Kitonga,

Mzigo umefika. Gabow aliuleta mbiombio, mbuzi wanapiga kelele nyuma ya lori na wenye maduka wananiangalia wakidhani nimeingia biashara ya nyama.

Nimeifungua bibu yako nikacheka mpaka mama niliyekuwa nampima kiuno akaniomba nishushe pumzi kwanza. Musyimi! Bibu ina masikio! Kila pembe ya chini umeacha sikio kama la gunia. Sasa nani atashika hilo sikio, wapakiaji? Tumpandishe mtoto kwenye lori? Na huo mshono, kila hatua upana wa kidole gumba. Ndengu hazitatoka humo kweli, lakini maziwa yatapita yakiimba.

Usikasirike. Kwa miaka thelathini ya kushona hapa sokoni sijaona mwanamume akimshonea mtoto wake kitu. Nimeipiga pasi nikaitundika ukutani juu ya cherehani. Watu wataiona, pole.

Sita zako hizi hapa. Humo pia kuna karatasi ya pakiti ya unga niliyoikata kwa kipimo cha bibu, ili ujifunze. Chukua vipande viwili, pamba laini mbele na taulo nyuma. Vilaze uso kwa uso, ushone pembeni mwote, ukiacha ukingo wa upana wa kidole kidogo. Chini acha mwanya wa vidole vitatu. Kwenye mviringo wa shingo kata vijinafasi, vipasuo vidogo vya ukingoni, lakini mkasi usiguse uzi. Ipindue kupitia ule mwanya, kisha uufunge kwa mkono. Shingoni weka kifungo cha kubonyeza. Usiweke kamba, kamba humkaba mtoto.

Sasa niseme la moyoni. Binti akijifungua, mama yake ndiye huja kumwogesha mtoto na kumpikia uji. Wiki tano sijaitwa. Ndoo gani hii inayomeza simu na haitapiki? Kama watu wako hawanitaki, sema. Kama Kanyiva ana neno na mimi, aliseme. Nimejiuliza nilikosea wapi mpaka nikachoka.

Mama yake Kanyiva,
Kasyoka


Mutomo
Ijumaa, 22 Machi 2024

Mwaitu,

Asante sana, sana. Bibu zako hata Abdiya, mke wa Gabow, mwenye duka la vitambaa, amezigeuza ndani na nje akasema, "Huyu mama ako na mkono." Hakuna aliyekukataa, nakuomba usiliweke hilo moyoni. Kosa si lako wala la mtu wa kwetu. Kanyiva amechoka tu.

Lakini sita hazitoshi. Tunabadilisha kumi, kumi na mbili kwa siku. Nafikiri ni meno, yanatafuta njia.

Sikutaka kukutwisha mzigo, kwa hivyo nimekuwa nikishona hapa stoo wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya magunia. Wapakiaji wamenitania mpaka wamechoka. Muthama, ambaye hubeba gunia la kilo tisini bila kuinama, alisema, "Boss, ukimaliza hiyo nishonee na mimi, supu hunimwagikia." Sasa ndiye hunishikia kitambaa nikikata. Ya pili niliikata kwenye kitambaa kizuri cha kung'aa. Abdiya akaniambia kile ni cha bitana, hakinywi maji, maziwa yatateleza juu yake mpaka mgongoni. Alinipa taulo la zamani akanifukuza dukani.

Nakutumia ya nne. Imevaliwa na kufuliwa. Naomba uangalie kwa nini hailali vizuri shingoni, inajikunja kila saa. Masikio nimeacha. Isipokuwa moja, mkono ulizoea.

Mkwe wako,
Musyimi


Mukuyuni
Alhamisi, 28 Machi 2024

Baba Kitonga,

Shingo inajikunja kwa sababu hukukata vijinafasi. Hilo ni jambo dogo.

Nimekaa na hii bibu tangu asubuhi. Maziwa yakikauka kwenye pamba huacha alama hata ukifua. Mtoto anayecheua huchafua katikati, kutoka kidevuni kwenda chini. Bibu ya mjukuu wangu katikati ni nyeupe. Alama ziko juu, pande zote mbili za shingo, zimezunguka mpaka kwenye kifungo. Haya maziwa yalishuka mashavuni. Yalitoka puani.

Na mtoto wa wiki nane hana meno yanayotafuta njia.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu kama mkwe, nijibu kama baba. Mdomo wa mtoto ukoje?

Kasyoka


Mutomo
Jumatano, 3 Aprili 2024

Mwaitu,

Nilikudanganya. Simu haikuanguka kwenye ndoo. Kanyiva aliizima mwenyewe, akaniapisha nisikwambie.

Kitonga alizaliwa na mdomo uliopasuka. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, umefunguka mpaka puani, na ndani kaakaa nalo lina ufa. Hawezi kunyonya. Kanyiva anakamua, nisamehe sana kutaja, tunamlisha kwa kijiko, na nusu inarudi kwa pua. Kifua chake ni maji kutwa kucha. Ngozi imechubuka chini ya shingo ikawa nyekundu, na mara mbili amepata kikohozi.

Wiki ya kwanza kina mama wa kanisani walikuja kuomba. Mmoja alimfunua mtoto, akamfunika upesi, akamuuliza Kanyiva alimcheka nani akiwa mjamzito. Tangu siku hiyo Kanyiva hatoki nje. Mtoto anamfunika leso mpaka usoni. Nikimwambia tukuite, anasema, "Mama akija atalia, na mimi siwezi tena kubeba kilio cha mtu."

Sasa sikiliza, ndipo moyo wangu ulipo. Tarehe 17 Juni madaktari wa kushona midomo wanakuja hospitali ya hapa. Wamesema watamshona Kitonga akiwa na kilo tano, kifua kisafi bila kikohozi, na ngozi isiyo na kidonda. Ana kilo tatu na robo. Tukiikosa siku hiyo tutangoja mwaka mzima, na kwa jinsi anavyopaliwa naogopa huo mwaka. Ndiyo maana nashona. Daktari alisema, "Mkaushe kifua." Ni hilo tu ninaloweza kufanya kwa mikono yangu. Nashona midomo ya magunia hamsini kwa siku, na huu mmoja siuwezi.

Nisamehe kwa uongo. Na ukimwandikia, usimwambie nimesema.

Musyimi


Mukuyuni
Jumamosi, 6 Aprili 2024

Mwanangu Musyimi,

Nimekuita mwanangu. Nthoni ituache kidogo.

Kabla ya Kanyiva nilikuwa na mtoto wa kiume, Munyao. Kanyiva hamjui. Alizaliwa mwaka wa 1989, na mdomo wake ulikuwa kama wa Kitonga, upande uleule. Niliambiwa nisimwonyeshe watu. Nikamfunika leso. Nilimlisha ndani ya nyumba, mlango umefungwa, amelala chali, ili nikisikia mtu anakuja nimfunike haraka. Aliishi miezi mitatu na siku kumi. Maziwa yalimwingia kifuani. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto kama yule hulishwa amekaa. Tulimzika asubuhi, na mchana nikarudi kushona sare za shule, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa.

Nilinyamaza miaka thelathini na mitano nikidhani namkinga binti yangu. Kumbe nimemwacha peke yake na mtoto wake, akifikiri yeye ndiye wa kwanza duniani. Hilo ndilo kosa langu nililokuwa nalitafuta.

Fanyeni hivi. Mlisheni amekaa wima, kichwa mkononi mwenu. Kijiko kipite upande wa mdomo ulio mzima, na mngoje ameze. Akimaliza, mshikeni wima hivyohivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai polepole. Bibu nimebadilisha: nimezipandisha shingoni, zina mabawa yanayozunguka mashavu, kwa sababu maziwa yake yanapita huko. Ziko ishirini, pamba mbele na taulo mbili nyuma. Ibadilisheni kabla unyevu haujafika kwenye ngozi. Msingoje ilowe.

Na sikio la gunia usiliache tena! Nimejaribu kwenye mwanasesere wa mteja. Sikio likiingia chini ya kwapa, bibu haisogei mtoto akijipinda. Umegundua kitu bila kujua. Kila bibu humo ina masikio mawili, kama ulivyoanza wewe.

Ndani kuna bahasha ya Kanyiva. Nimemwandikia habari za Munyao. Mpe, au usimpe. Wewe ndiye uliye naye, wewe utajua saa yake.

Nataka ujue kitu. Baba yake Munyao alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kumshika yule mtoto. Wewe unamshonea wako, watu wakikucheka. Namshukuru Mungu kwa mtu aliyemwoa binti yangu. Kama si barua, ningekufa sijakwambia.

Mama yako,
Kasyoka


Mutomo
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mama,

Nimekasirika. Nianze na hilo. Miaka yote hiyo nilikuuliza kwa nini sina kaka, ukanituma dukani.

Musyimi alikaa na bahasha yako siku nne. Aliiweka chini ya bibu, akaitoa, akairudisha. Sikujua ni nini, nikafikiri ni barua ya mwanamke. Nikamfuata stoo mchana, mtoto nimemfunga mgongoni, leso imemfunika uso kama kawaida. Nikamkuta amekaa juu ya magunia ya ndengu, miwani ya Gabow puani, anashona bibu. Muthama amemshikia taa ya simu. Mama, mimi nilidhani zile zenye mshono mbaya alizinunua sokoni. Nilikuwa nalalamika, nasema fundi wa hizi ni mlevi. Naye alikuwa ananiitikia tu, "Ni kweli, tutamwambia."

Nikasimama mlangoni nikalia. Sijalia hivyo tangu nijifungue. Wapakiaji wakatoka mmoja mmoja. Muthama akarudi, akamfunua Kitonga uso, akamwangalia, akasema, "Kijana wa watu, ako na macho ya mamake." Basi. Hapo ndipo Musyimi akanipa bahasha yako. Tangu siku ile simfuniki.

Tunamlisha amekaa, kama ulivyosema. Harudishi nusu tena, anarudisha kidogo tu. Kifua kimekauka, ngozi inapona. Ijumaa alipimwa, ana kilo tatu na gramu mia nane.

Namwona Munyao nikimwangalia wangu. Najua sasa kwamba sikumcheka mtu. Asante, Mama. Hasira yangu bado ipo, lakini njoo. Njoo ulie hapa hapa, kilio chako nitaweza kukibeba.

Ila mtakaaje na Musyimi kwa chumba kimoja?

Binti yako,
Kanyiva


Mutomo
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mwaitu,

Mvua imekata barabara na Gabow amekaa siku tano na mbuzi ishirini ndani ya uwanja wake. Mke wake anasema mmoja wao ameanza kuingia dukani kama mteja. Barua hii itasafiri maji yakishuka.

Nimemuuliza mjomba wangu Mbaluka habari ya nthoni. Anasema njia ipo tangu zamani. Mkwe analeta shuka, anamfunika mama mkwe mabegani mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo wanaangaliana usoni na kula meza moja. Nataka kukuletea shuka ya kukufaa, nene, mpya, na niilete kwa heshima, wazee wakiwa wamekaa. Naomba unisubiri mpaka tuvune ndengu. Sitaki kulifanya jambo hilo kwa haraka kama la mtu anayekimbilia gari.

Lakini wewe usisubiri. Njoo maji yakishuka. Mimi nitahamia stoo. Nyumba ni yako na Kanyiva na mtoto.

Na asante kwa neno lile uliloniita. Sijalizoea. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita.

Musyimi


Nyumbani kwako, Mutomo
Jumanne, 14 Mei 2024

Mwanangu,

Nimefika na cherehani, Gabow aliifunga juu ya lori kama bibi harusi. Nakuandikia kutoka chumbani, nawe uko stoo, hatua hamsini. Barua anabeba Kanyiva, naye anasema sisi wawili ni wagonjwa.

Nimemshika. Nililia kidogo, Kanyiva akaniambia, "Endelea, Mama, nilikubali." Kitonga ana kilo nne na nusu kasoro kidogo. Anacheka! Mdomo wote unacheka mpaka puani. Nilikuwa sikumbuki kwamba na Munyao alicheka hivyo. Nilikuwa nimelisahau jambo zuri pamoja na baya.

Leo asubuhi ulikuja kuchukua koti, ukaniona uani, ukaruka ua wa jirani. Nimesikia suruali ikiraruka. Itume nishone.

Mama yako


Stoo
Jumanne, 14 Mei 2024

Mwaitu,

Suruali ni hii. Naomba radhi kwa ua wa jirani pia.

Chakula chako nimekipata. Muthama ameonja, anauliza kama una binti mwingine.

Musyimi


Nyumbani
Jumatatu, 3 Juni 2024

Musyimi,

Rudi upesi kutoka Kwa Vonza, hizo ndengu mtu mwingine azipokee. Kitonga amekohoa tangu jana. Nesi amesikiliza kifua, anasema bado hakijashika mapafu, ila kikiendelea wiki hii watamtoa kwenye orodha. Uzito umesimama kwenye kilo nne na gramu mia saba, hausongi.

Kanyiva anamwangalia tu. Mimi nambadilisha bibu kila robo saa. Nimekata mpaka leso yangu ya kanisani nikaishona bibu. Munyao alianza hivihivi, kwa kikohozi kidogo cha Jumapili. Sitaki kumwambia Kanyiva hilo. Nakwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu.

Kasyoka


Stoo
Jumanne, 4 Juni 2024

Mwaitu,

Nimefika alfajiri. Kuanzia leo tugawane. Wewe na Kanyiva mlisheni, halafu mnipe mimi nimshike wima. Nitakaa naye juu ya magunia, mgongo wangu umezoea kukaa bila kuegemea. Nitamkabidhi kwa Kanyiva mlangoni, wewe geukia ukutani, nami nitaangalia chini.

Munyao hakuwa na sisi watatu. Kitonga anao.

Musyimi


Stoo
Jumapili, 16 Juni 2024

Mwaitu,

Kanyiva ametoka hospitali sasa hivi akikimbia, mtoto kifuani, uso wazi mbele ya soko lote. Kikohozi kimeisha siku ya sita leo. Ngozi ni nzima. Daktari ameipapasa chini ya shingo akauliza tulimpaka dawa gani. Kanyiva akamwonyesha bibu.

Kilo tano na gramu arobaini.

Nimeandika tarakimu hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa stoo, kubwa kuliko bei ya ndengu. Abdiya alipoiona alimtumia Gabow ujumbe akiwa njiani, na Gabow amegeuza lori. Anasema mbuzi watangoja.

Kesho saa mbili asubuhi. Kanyiva ataingia naye mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Sisi tutakaa nje. Kuna benchi moja tu, nimeiona. Nitakaa ncha moja nikiangalia geti, wewe kaa ncha nyingine ukiangalia ukuta, nthoni haitavunjika. Shuka nakuletea tukivuna, sijasahau.

Asante kwa kila mshono.

Musyimi


Kwenye benchi, hospitali
Jumatatu, 17 Juni 2024

Mwanangu Musyimi,

Naandika kwenye ile karatasi ya pakiti ya unga niliyokukatia kipimo; niliikuta nyumbani kwako, na ndiyo niliyokuwa nayo mkobani. Anayekupa ni Gabow, aliyekaa katikati yetu saa tatu nzima akitupitishia maji kulia na kushoto.

Nesi ametoka sasa hivi akanijia mimi kwanza kwa sababu wewe unaangalia geti. Kitonga ameamka. Anapumua vizuri. Mdomo umeshonwa. Kaakaa watalifanya akitimiza mwaka, lakini leo mdomo umefungwa. Nimechungulia mlangoni, Kanyiva amemshika. Nimeshona zaidi ya miaka thelathini, na mishono midogo namna ile sijawahi kuona. Huyo daktari ni fundi. Kanyiva ameniuliza, "Mama, atacheka vilevile?" Nimemwambia atacheka.

Sasa habari ya shuka. Mjomba wako Mbaluka amesema mkwe alete kitambaa, mama mkwe afunikwe begani, mashahidi waone. Cha mkwe kilinifikia Mukuyuni mwezi wa tatu. Ni kipya, kimeshonwa kwa mkono wake mwenyewe, kina masikio mawili. Nimekaa nacho ukutani juu ya cherehani muda huu wote, huko kwangu na hapa kwako, na leo asubuhi nilikitia mkobani. Kwa hivyo usininunulie kitu ukivuna. Sijapewa shuka nzuri kuliko hii.

Nimeiweka begani. Haifuniki kitu, lakini iko begani. Gabow ameiona. Abdiya amekuja na chupa ya chai, naye ameiona. Mashahidi ni hao.

Geuka, mwanangu. Vikombe ni viwili.

Mama yako,
Kasyoka